Bwana Aliniponya Ugonjwa wa Kutamani Igoji

Bwana asifiwe, ndugu zangu mliobaki! Nasema mliobaki kwa sababu naona mabenchi. Tulipoanza ibada hapa Isiolo tulikuwa tunabanana, na leo mtu anaweza kulaza mtoto kwenye benchi nzima bila kumsumbua jirani. Hata hivyo Bwana asifiwe! Na wale walioondoka, asifiwe kwao pia huko waliko.

Mwinjilisti aliponiomba nitoe ushuhuda nilimwambia sina. Sikuwa mlevi, sikulazwa hospitali, hakuna aliyenielekezea bunduki. Akasema, "Mama Mwenda, wewe ulikuwa umeondoka, na sasa uko hapa. Simama uwaambie watu." Basi nimeandika, maanake mimi nikisema bila karatasi nakumbuka jambo lingine katikati na kupotea. Shule niliishia darasa la nne. Nikikosea, Baba Mwenda ameketi pale nyuma, atanirekebisha tukifika nyumbani. Hachoki kunirekebisha.

Ndugu zangu, mimi niliponywa ugonjwa wa kutamani nyumbani.

Anayetaka kucheka acheke, sitamlaumu. Hata mimi sikujua kwamba ni ugonjwa. Kwetu ni Igoji, upande wa mlima unaopata mvua. Baba yangu ana kahawa na ndizi, na kijito kinapita chini ya shamba. Baba Mwenda aliponioa, alipata kazi hapa karantini, ya kudunga ng'ombe sindano, nami nikamfuata. Si mbali. Gari ikiwa nzima unatoka kwetu asubuhi na jioni umefika. Lakini mnajua vile watu wa hapa wakipanda kwenda Meru husema wanaenda Kenya. Siku niliyosikia neno hilo mara ya kwanza nilishtuka. Nikajiuliza, kama kule ndiko Kenya, mimi sasa niko wapi?

Ugonjwa ulianza na maji. Chai ilikuwa na chumvi, nikaacha chai. Kisha upepo. Kwetu mvua unaisikia kabla haijafika, inatembea juu ya majani ya ndizi kutoka ukingo hadi ukingo, na mwanamke ana nafasi ya kuanua nguo. Hapa nilisikia mlio ule ule, nikakimbia nje kuanua, na hakuna mvua, ni vumbi tu. Si mara moja. Nilikimbia hivyo miaka! Nilikonda. Mwenda alipozaliwa hapa nilimwangalia nikasema moyoni, huyu naye amezaliwa safarini. Na maombi yangu, ndugu zangu, niliyafanya nyuma ya nyumba asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Nilikuwa naomba nikiuangalia. Ukifunikwa, nanyamaza, hata kama sijafika Amen.

Hilo la kuukodolea mlima macho sikulijua mwenyewe. Aliyeniambia ni Mama Guyo.

Mama Guyo ni jirani yetu ng'ambo ya ua wa miba. Ni Mborana, ni Mwislamu, na wengi wenu mmekunywa maziwa yake. Yeye na mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Akoo, yaani bibi, walikuja mjini kutoka upande wa Biliqo huko malishoni kulipoanza kuwa na wasiwasi. Mume wake, Wario, alibaki kule na ng'ombe. Kiswahili chetu sote wawili kilikuwa cha kuokota, yeye ameokota chake sokoni, mimi kanisani, lakini tulielewana.

"Salaam aleikum, Mama Mwenda," alisema asubuhi moja. "Hii mlima nakupa wewe maziwa?"

"Hapana."

"Nyama je?"

"Hapana, Mama Guyo."

"Sasa mbona wewe naangalia kama ndama amefungwa, mama yake ameenda malisho?"

Nilikasirika, nikaingia ndani. Lakini niseme haki: alisema kweli, na alisema akicheka, si kwa ubaya.

Safari moja, njia ikiwa bado nzuri, nilikuwa nakwenda kuwasalimu wazazi. Mama Guyo akaniomba nimletee kahawa. Wao huiita buna. Alisema wanaitumia kuomba. Lo, nilivyofurahi! Tangu nifike hapa hakuna mtu aliyetaka kitu cha kwetu. Nilipofika Igoji nilikaa na mama yangu tukachagua kahawa nzuri kabisa, iliyomenywa, ikaoshwa, ikakauka mpaka ikawa safi kama meno. Nilitoa mbovu moja moja. Nilirudi nayo nikijiona mtu.

Wakaniita siku ya kuomba. Wanawake wameketi, samli iko motoni. Akoo akatia mkono katika mfuko wangu, akatoa punje moja, akaigeuza, akanusa, akasema neno moja kwa Kiborana. Wanawake wakaangukiana kwa kicheko.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Wacha tu," akasema Mama Guyo, akifuta machozi.

"Niambie!"

"Anasema umeleta mifupa. Nyama umetupa wapi?"

Kumbe wao huipika na ganda lake! Huing'ata kidogo kwenye ncha, wanaitia ndani ya samli, inavimba na kupasuka, kisha wanaongeza maziwa, na kabla ya mtu kuonja, mkubwa wa nyumba anaomba. Ile niliyoleta mimi ingeungua tu. Na ile ya ganda, iliyoanguka chini ya mti au iliyochelewa, sisi wakulima huianika juani hivyo hivyo na kuiita mbuni. Ndiyo tunayoionea aibu. Mgeni akija tunaifunika kwa gunia. Nikawaeleza hivyo, wakacheka upya. Akoo akasema kupitia kwa Mama Guyo, "Funua gunia, mtoto wangu, lete hiyo."

Safari iliyofuata nilileta mbuni, na Akoo alinishika mkono hakuuachilia mpaka maombi yakaisha. Tangu hapo kila nikienda nilileta. Lakini msidhani nilipona. Niliendelea kukimbia kuanua nguo.

Kisha vita vya shifta, wale waasi wa huku waliotaka kujitenga na Kenya, vikatukaribia. Nyinyi mlikuwa hapa, mnavijua kuliko mimi, kwa hiyo sitavirefusha. Lori lilikanyaga bomu njia ya Garba Tula. Tukawekewa saa za kufunga milango. Watu wa upande wa Biliqo walikusanywa na askari kwenye vijiji vya kulindwa, na mifugo yao ikapotea. Wengine wanasema shifta waliichukua, wengine wanasema askari, wengine wanasema ilikufa kwa kufungiwa bila malisho. Mimi sikuona, kwa hiyo sisemi. Ninalolijua ni kwamba Mama Guyo hakupata neno lolote kuhusu Wario. Kila gari iliyotoka kule aliikimbilia, akarudi bila kitu.

Hapa mjini mioyo iliharibika pande zote mbili, na wacha niseme pande zote mbili. Watu wetu waliacha kununua maziwa ya Waborana, wakisema yana sumu. Hayakuwa na sumu, sisi tuliyanywa. Na vijana wengine wa kwao walitupigia kelele barabarani, "Nywele ngumu, rudini Kenya!" Mwenda wangu aliniuliza nywele zake zina makosa gani. Hapa kanisani ikawa kila Jumapili ni kwaheri. Dada Julia akaenda, familia ya karani ikaenda.

Hapo, ndugu zangu, ugonjwa wangu ukapata sababu! Zamani nilikuwa nalia kwa kutamani, naona haya. Sasa nililia nikasema ni vita. Baba yangu akatuma neno kwamba amenitengea kipande cha shamba juu ya kijito, nije nijenge. Nikamwambia Baba Mwenda.

Alimaliza kwanza kuosha sindano zake. Kisha akasema, "Mimi siwezi kuacha kazi. Wewe na watoto mkiona ni heri, nendeni. Sikuzuii na sikufukuzi."

Nilimkasirikia! Nilitaka anikataze, ili nipate wa kulaumu, au anifukuze, vile vile. Aliniachia uamuzi mikononi kama mtu anayekushikisha mtoto wa mwingine. Sasa naona alinitendea haki, lakini siku ile sikuona.

Nikafunga vitu. Mama Guyo akaja uani.

"Unaenda?"

"Naenda."

"Ya kurudi?"

Nikaendelea kufunga kamba. Akaangalia mizigo, akaona na sufuria kubwa. Mtu wa kusalimu wazazi habebi sufuria kubwa.

"Nenda," akasema. "Nyumbani ni nyumbani. Yangu mimi imefungwa na askari. Yako iko wazi."

Hakuniomba kahawa. Hata mbuni moja. Hilo halikuniuma siku ile, liliniuma baadaye.

Igoji walinipokea kwa furaha, na asidhani mtu kwamba ninawasema vibaya watu wa kwetu. Mvua ilinyesha. Nilisimama mlangoni nikaisikiliza ikija juu ya ndizi, na hakukuwa na nguo za kuanua kwa sababu wifi yangu alishazianua. Nilikunywa chai tamu. Nililala kama mtoto. Nikasema, Bwana, umenirudisha!

Nikakaa hivyo kwa muda mzuri, mpaka asubuhi moja nikajikuta nimesimama nyuma ya nyumba ya baba, nimeangalia kaskazini, palipo na vilima tu na miti. Nilikuwa natafuta nini? Hakuna kinachoonekana kutoka pale. Nikaanza kuwavizia watu wa magari kuwauliza habari za Isiolo. Baba Mwenda amekonda? Jirani zetu wako? Sokoni wanawake wakaniita mama shifta, kwa mzaha, si kwa chuki. Mmoja akasema, "Eti wale wanakula watu?" Nikamjibu, "Mimi nimekula nao, na meno yao ni kama yako." Nikachukua kikapu changu, nikaondoka pale. Ule ugonjwa haukuwa umekwisha. Uligeuza shingo tu! Isiolo nililia Igoji, Igoji nikalia Isiolo. Nikaogopa kweli, maana sasa hakukuwa na mahali pengine pa kurudi.

Siku ya wokovu wangu nilikuwa nageuza mbuni kwenye mkeka na baba yangu. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Sijui ni kwa nini, nilichukua punje moja nikaing'ata ncha, vile nilivyomwona Akoo akifanya.

"Sasa umekuwa mbuzi?" baba akasema.

Nikaanza kulia. Baba yangu si mtu wa kuvumilia machozi, akaondoka akaniacha na mkeka. Nikaomba pale pale. Nilisema, "Bwana, niko kwetu na bado natamani kwetu. Hii ni nini?"

Wako wanaosikia sauti. Mimi sikusikia, na sitasema nilisikia. Kilichonijia kilikuja polepole, kama aibu. Niliona kwamba miaka yote ile nilimpa Mungu Igoji peke yake akae huko, na Isiolo nikawaachia askari na shifta. Hata mlangoni kwangu mwenyewe kule Isiolo sikumkaribisha. Nilimtafuta mlimani, na mawingu yakija namfungia. Ndugu zangu, Mungu gani huyo anayefunikwa na wingu la saa tatu asubuhi?

Nikasimama nikamwambia baba, "Nataka nipeleke hii mbuni Isiolo."

"Tuma na dereva."

"Dereva hamjui Mama Guyo."

"Mtu haendi vitani kwa sababu ya mbuni."

Alikuwa na haki, sikuweza kumshinda kwa maneno. Nikasema napeleka tu, nitarudi. Je, nilikuwa nadanganya? Nimejiuliza mara nyingi, sijui. Watoto niliwaacha kwa mama yangu. Baba akanisindikiza barabarani, akaniuliza jambo moja tu: "Ukifia huko, nani atakuzika?" Nikapanda lori la viazi.

Kwenye Bariya, kile kizuizi cha barabara cha kuingia Isiolo, askari walitushusha, gari zote. Mmoja, mtu mrefu, akafungua gunia langu.

"Mama, hii ni chakula ya shifta?"

"Hapana, bwana. Ni kahawa."

"Kahawa gani hii? Hata kuku atakataa." Akamwaga yote juu ya turubai, akaitawanya kwa mguu kutafuta risasi. "Ya nini?"

"Ya maombi."

"Kanisa gani linaomba na mbuni?"

Ningesema ni ya mume wangu, mambo yangeisha. Kumtaja Mborana mahali pale kulikuwa kujitafutia taabu, na pengine kumtafutia na yeye. Lakini nilikuwa nimetoka kumwomba Bwana juu ya mkeka, nikaona haya kuanza na uongo.

"Si ya kanisa," nikasema. "Ni ya jirani yangu, Mborana. Wanaikaanga kwa samli, wanaomba amani."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Amani ya nani? Yao au yetu?"

"Nimewasikia mara nyingi, bwana. Wanasema nagaa, nagaa, yaani amani, amani, mpaka mtu anachoka. Sijawahi kuwasikia wakisema ya nani."

Akatundika bunduki yake begani. Kisha akainama, ndugu zangu, akaanza kuokota mbuni pamoja na mimi. "Waambie," akasema bila kuinua kichwa, "wataje na watu wa Bariya. Sisi pia tuna mama zetu."

Bwana asifiwe!

Mama Guyo alikuwa amekonda kuliko mimi wa zamani. Aliponiona na gunia aliita, "Akoo! Nyama imekuja!" Samli walikuwa nayo kidogo, wameificha kwa siku ya haja. Jioni hiyo hiyo wakapika. Akoo akaomba, na Mama Guyo akanitafsiria sikioni. Amani kwa walio nyumbani. Amani kwa walio porini. Amani kwa Wario, na kwa ng'ombe, walioko na wasiokuwako. Amani kwa watu wa Bariya, maana nilikuwa nimewapa ujumbe. Kisha nikasikia Akoo anasema Igoji. Alilivuta jina kama anaita mtu aliye mbali. Amani kwa Igoji, amani kwa mama aliyemzaa huyu.

Nikainamisha kichwa, nikasema Amen kwa jina la Yesu moyoni mwangu.

Najua wako hapa wasiokubali jambo hilo, na mzee mmoja aliniambia wazi, ninamheshimu. Nilimpelekea Mwinjilisti swali. Aliniuliza, "Wewe ulimwomba nani?" Nikasema, Bwana. Akasema, basi. Kama nilikosea, Bwana anajua njia iliyonileta pale.

Lakini kilichotendeka siwezi kukinyamazia. Jina la kwetu lilipotajwa katika nyumba ile, kifua changu kilifunguka. Ule uzito niliobeba miaka yote ulitoka kama mtu anavyotua mzigo wa kuni. Nilitoka nje, upepo ukavuma, nikausikia kuwa ni upepo. Nilienda nikamwambia Baba Mwenda, "Nimekuja kukaa." Akasema, "Viazi vimefika salama?" Ndivyo alivyo. Lakini niliona amegeuka ukutani anafuta uso.

Watoto waliletwa baadaye, gari zilipopata kusindikizwa na askari. Baba yangu alikasirika, na kile kipande juu ya kijito amempa ndugu yangu. Sikupata fidia yoyote, na siwaambii kwamba sikuumia. Na Igoji bado naitamani. Mvua ikitajwa moyo wangu unaenda. Lakini natamani, siumwi. Tofauti hiyo anaijua aliyeumwa.

Wario yuko hai! Habari zilifika kwamba yuko katika kijiji cha kulindwa kule Merti. Ng'ombe hawapo. Mama Guyo anasema ni buna iliyomlinda, mimi nasema ni Bwana, tukabishana uani mpaka Akoo akatoka na fimbo yake. "Mnagombania nini?" akasema. "Mtu si yuko hai?"

Ndugu zangu, vita havijaisha. Pengine kesho mtaniona nilikuwa mjinga, na pengine nitakuwa mjinga kweli. Sisemi kila mtu abaki. Dada Julia alienda na nasikia ana raha, na imani yake haikupungua hata kidogo. Wewe unayewaza kwenda, usiogope macho yetu. Wewe unayewaza kubaki, usijifanye shujaa. Neno langu ni moja: mwombe kwanza, hapo hapo ulipo, hata kama hakuna mlima unaoonekana. Mimi nilifunga vitu kwanza, nikaomba baadaye, nikazunguka njia ndefu kufika mahali nilipokuwa. Mtegemee. Yuko upande huu wa Bariya na upande ule.

Miaka yote niliyokaa hapa nilipikia nje, mawe matatu, jua na vumbi, kwa sababu nilijiambia kwamba mtu anayeondoka hajengi jiko. Wiki hii Baba Mwenda amemaliza kunijengea. Ukuta ni wa udongo, bado mbichi, lakini mlango umeshawekwa na unaangalia barabara. Anayeondoka apite anywe chai, aende na amani. Anayebaki aingie, akae.

Namshukuru Bwana aliyenirudisha. Amen.